Fidla si Kitambaa cha Kochi

Vijana wenzangu, nimekuja na ugomvi. Si ugomvi wa ngumi, ni wa masikio. Nagombana na makundi mawili ya watu ambao wao kwa wao hawasalimiani, lakini kwa jambo moja wamekubaliana bila kukaa kikao. Kundi la kwanza ni wale wanaosema kwamba fidla ni ala ya mabwana wa suti na mabibi wa glavu nyeupe, haina undugu wowote na muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na dramu zinazopigwa kama mpigaji anafukuzwa na nyuki. Kundi la pili ni wanametali wenyewe, hasa wa tawi linalojiita metali ya simfoni. Hao fidla wanaipenda kwa maneno, wanaitaja kwenye majalada ya albamu zao, halafu wakishaifikisha studio wanaitandaza juu ya muziki kama kitambaa cha kufuma kinavyotandazwa juu ya kochi. Kochi lingekaliwa vilevile hata bila kitambaa. Makundi yote mawili yanaidharau fidla. La kwanza linaifungia mlango, la pili linaikaribisha sebuleni halafu halizungumzi nayo.

Kwa ndugu msomaji ambaye mambo haya ni mageni, nieleze kidogo nisije nikaonekana naimba peke yangu. Metali ni mtoto wa roki aliyekulia Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, magitaa ya umeme yakiwa yamepandishwa mpaka yanakwaruza. Metali ya simfoni ni tawi lake lililochanua Ulaya katika miaka ya 1990. Unachukua magitaa yaleyale, unaongeza kwaya, mara nyingi na mwanamke mwenye sauti ya opera, kisha unaweka okestra, yaani fidla nyingi, viola, selo, tarumbeta na jamaa zao. Wafini wa Nightwish, Waswidi wa Therion, Waholanzi wa Within Temptation na Epica, hao ndio majina makubwa. Ukiwa kijana wa Dar, Mombasa au Nairobi ukasema unaupenda muziki huu, utaulizwa kama umerogwa. Mimi nimeulizwa kijiweni, nimeulizwa nyumbani, na leo najibu kwa maandishi.

Nianze na undugu wenyewe maana ndio msingi wa kesi yangu. Chukua gitaa la kawaida, lile la mbao lisilo na umeme, ucharaze uzi mmoja. Sauti inazaliwa na papo hapo inaanza kufa. Huna la kuifanya, inakuponyoka kama moshi wa sigara. Fidla haina msiba huo. Upinde wake umefungwa nywele za mkia wa farasi zilizopakwa ulimbo mkavu. Ukiuburuta juu ya uzi, nywele zinaunasa uzi na kuuvuta, uzi unachoropoka, unanaswa tena, unachoropoka tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Maadamu mkono unakwenda, sauti inaishi. Na kwa sababu ya huko kunaswa na kuchoropoka, sauti ya fidla haiji laini kama maji ya mtungini. Inakuja na mkwaruzo ndani yake, imejaa visauti vidogo vya juu vinavyopanda pamoja na ile sauti mama.

Sasa tazama gitaa la metali. Sauti yake inapitishwa kwenye amplifaya na kulemezwa kwa makusudi mpaka mawimbi yake yanakatwa vichwa. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, sauti inarefuka, haifi upesi. Pili, inajaa vilevile visauti vya juu, ndiyo maana masikio ya mzee wako yanaona kero. Mnaona ninakoelekea? Mpiga gitaa wa metali ametumia umeme wote huo kutafuta kitu ambacho mpiga fidla anacho mkononi tangu karne ya 16, pale mafundi wa Italia ya kaskazini, akina Andrea Amati wa Cremona, walipoipa fidla umbo tunalolijua. Jimmy Page wa Led Zeppelin aliliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akipanda jukwaani na kulipiga gitaa lake la umeme kwa upinde wa fidla. Wapo waliodhani ni mazingaombwe ya kuuzia tiketi. Mimi naona alikuwa anamrudisha mtoto kwa mama yake.

Undugu hauishii kwenye sauti, uko hadi kwenye mwendo wa vidole. Zile mbio za gitaa ambazo mwanametali hujigamba nazo, vidole vikipanda na kushuka shingoni kama panya darini, mwalimu wake mkubwa ni mpiga fidla. Niccolò Paganini alizaliwa Genoa mwaka 1782, na vipande vyake 24 vya fidla pekee vilivyochapishwa mwaka 1820 ni mtihani mpaka leo kwa yeyote anayejiita fundi. Franz Liszt alipomsikia Paris mwaka 1832, alirudi kwenye piano yake na kuanza mazoezi upya ili afanye kwenye piano kile ambacho Mwitalia yule alifanya kwenye nyuzi nne. Karne moja na nusu baadaye Mswidi Yngwie Malmsteen akatoa albamu ya Rising Force, mwaka 1984, na tangu hapo maelfu ya vijana duniani wamejifungia vyumbani na magitaa wakitafuta mbio kama zake. Malmsteen hajawahi kuficha kwamba Paganini ni mwalimu wake. Mwaka 1998 alitoa tungo za gitaa la umeme na okestra nzima, alizozirekodi na Czech Philharmonic. Kwa hiyo anayesema fidla imeletwa kwenye metali kama mgeni, amekosea nasaba. Fidla ilikuwemo kabla umeme haujafika.

Halafu kuna hili la shetani. Wazee wetu na wahubiri wakisikia metali husema huo ni muziki wa shetani. Haya. Lakini mashtaka hayo fidla ilishayapokea kabla gitaa la umeme halijatungwa mimba. Watu wa Ulaya walinong'ona kwamba Paganini ameuza roho yake, kwamba haiwezekani mwana wa Adamu kupiga vile kwa vidole vya nyama. Alipofariki Nice mwaka 1840 bila kupata sakramenti ya mwisho, askofu alikataa asizikwe kwenye ardhi ya kanisa. Maiti yake ikahangaishwa kwa miaka mingi, ikatolewa hapa ikapelekwa pale, mpaka ilipotulia Parma mwaka 1876. Ndugu zangu, hiyo ni miaka 36 baada ya kifo. Leo Paganini huyo huyo anapigwa kwenye kumbi za heshima, watu wamevaa tai na wamekaa kimya, na hakuna anayemwona shetani. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema fidla ni ala ya adabu na metali ni makelele ya kuzimu, nacheka. Sikio likishazoea husahau kwamba liliogopa.

Basi hapo nimemaliza na kundi la kwanza. Sasa niwageukie jamaa zangu wa metali, na hapa nitakuwa mkali zaidi maana hawa ni wa kwetu.

Ndoa ya roki na okestra si ya jana. Septemba 1969, Deep Purple walipanda Royal Albert Hall jijini London pamoja na Royal Philharmonic, wakapiga utunzi wa mpiga kinanda wao Jon Lord, Malcolm Arnold akiongoza. Mwaka 1987, Waswisi wa Celtic Frost waliingiza nyuzi za okestra kwenye Into the Pandemonium, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa ni kujitafutia matusi. Therion wakatoa Theli mwaka 1996 na kwaya zake, kisha Vovin mwaka 1998. Nightwish walianzishwa Kitee, mji mdogo wa Finland, mwaka huo huo wa 1996. Metallica walijifunga na San Francisco Symphony kwa siku mbili Aprili 1999. Within Temptation wakaijaza Ahoy ya Rotterdam mwaka 2008 wakiwa na Metropole Orkest. Orodha ni ndefu na ukiisoma haraka utadhani fidla imeshinda vita.

Haikushinda. Sikiliza vizuri. Katika nyimbo nyingi mno za tawi hili, kinachoitwa fidla si fidla. Ni kinanda cha umeme kilichohifadhi sauti za fidla ndani yake, au siku hizi kompyuta. Mtu mmoja amebonyeza kidole kimoja, na fidla 30 zimelia kwa mpigo mmoja, zote zikianza sawasawa, zote zikikoma sawasawa, hakuna iliyovuta pumzi, hakuna iliyochelewa kwa unywele, hakuna iliyobana upinde kwa hasira. Ni sawa na samaki wa kopo. Ni samaki, ndiyo, sikatai, lakini hebu mpe mtu wa Feri samaki wa kopo umwambie ni changu wa leo asubuhi uone atakavyokutazama.

Najua mtanijibu kwamba okestra ni ghali. Ni kweli, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Kukodi watu 50 au 60 wenye ala zao, ukumbi wa kurekodia na mwongozaji wao si fedha ya mchezo, na bendi ya vijana wanne wanaofanya mazoezi gereji haiwezi. Kinanda kilikuwa jibu la ukata, nami mwana wa ukata siwezi kumcheka aliyeokoka kwa kinanda. Ninaowasema ni wale waliopata fedha, wakaita okestra halisi, wakaipa kazi ileile ya kinanda! Fidla 30 za watu wenye damu zimeajiriwa kushika noti moja ndefu nyuma ya magitaa, noti ambayo gitaa lenyewe limeshaishika. Huko ni kumwita fundi seremala aje kukushikia mlango.

Kuna sababu ya kifundi inayofanya fidla hizo zisisikike hata zikiwa 60, na sababu hiyo si siri. Uzi mnene kuliko wote wa fidla hutetemeka kama mara 196 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka kama mara 82, na wanametali hulegeza nyuzi zao zikaenda chini zaidi. Kwa hesabu hiyo ungedhani kila mmoja ana kiti chake, gitaa chini na fidla juu. Tatizo ni vile visauti vya juu nilivyovitaja. Gitaa lililolemezwa linavimwaga kwa wingi, vinapanda mpaka kwenye kiti cha fidla na kukikalia. Sikio la msikilizaji linachosikia ni ukuta mmoja. Dawa yake si kuongeza fidla nyingine 20. Dawa ni mtunzi kumwambia mpiga gitaa, "Kaka, hapa nyamaza." Lakini kumwambia mpiga gitaa anyamaze, jamani, ni rahisi zaidi kumwambia dereva wa daladala apunguze muziki.

Kipimo changu ni rahisi na yeyote anaweza kukitumia. Ondoa fidla kichwani mwako, kisha uimbe wimbo uliobaki. Kama wimbo umesimama vilevile, umepungua urembo tu, basi hapo palikuwa na kitambaa cha kochi. Kama wimbo umeanguka, hapo palikuwa na fidla.

Kwa kipimo hiki nitakuwa mtu wa haki, nitawasifu wanaostahili. Tukirudi kwa Metallica mwaka 1999, maneno mengi yalisemwa usiku ule, na nyimbo kadhaa pale zinasikika kama mabasi mawili yanayopishana kwenye daraja la gari moja. Lakini The Call of Ktulu, uliopangwa na Michael Kamen, unapita mtihani, na ndio uliowapatia tuzo ya Grammy mwaka 2001. Kwa nini huo? Kwa sababu hauna mwimbaji. Nafasi ya sauti ya mtu ilikuwa wazi, okestra ikaingia humo ikasema la kwake. Nightwish nao, katika albamu ya Once ya mwaka 2004 waliyoifanya na okestra ya London, wana wimbo wa dakika kumi uitwao Ghost Love Score. Katikati yake bendi inakaa pembeni na okestra inabeba hadithi peke yake. Ondoa nyuzi pale uone, hadithi inakatika kama filamu ya mkanda mbovu.

Lakini mashahidi wangu wakubwa si wenye okestra. Ni wenye wachache. Bendi ya Kiingereza ya My Dying Bride, iliyoanzishwa mwaka 1990, wala haijiiti simfoni. Metali yake ni ile ya mwendo wa jeneza. Katika Turn Loose the Swans ya mwaka 1993 kuna mpiga fidla mmoja tu, Martin Powell, na fidla yake hiyo moja inauma kuliko okestra nyingi nilizozisikia baadaye. Magitaa yanakwenda polepole, yanaacha mapengo, na fidla inaingia kwenye mapengo hayo kama mfiwa aliyechelewa kufika msibani. Kule Helsinki, vijana wanne wa Chuo cha Sibelius walijikusanya mwaka 1993 wakiwa na selo nne, ndugu wakubwa wa fidla, na mwaka 1996 wakatoa albamu nzima ya nyimbo za Metallica bila gitaa hata moja. Hao ni Apocalyptica. Waliyoyafanya ni ushahidi tosha wa ule undugu niliousema, maana upinde peke yake ulitosha kunguruma. Na Australia kuna Ne Obliviscaris wa Melbourne, ambao tangu albamu yao ya kwanza ya mwaka 2012 fidla ya Tim Charles haipambi gitaa. Inabishana nalo, inalikatiza, inaimba beti zake. Mtu mmoja, nyuzi nne. Nani tena atasema tatizo ni fedha?

Na mbona Finland inatajwatajwa? Baridi na giza, watakwambia, ndivyo vilivyowafanya wapende muziki mzito. Mimi siamini hadithi za hali ya hewa. Taifa lile lina shule za muziki nchi nzima zinazosaidiwa na fedha za umma, kiasi kwamba mtoto wa kijijini anaweza kushika fidla au selo bila baba yake kuwa tajiri. Mtunzi wao mkuu, Jean Sibelius, mwenyewe alitamani kuwa bingwa wa fidla. Mwaka 1891 alijaribu kuingia Vienna Philharmonic wakamkataa, akaishia kutunga, na mwaka 1904 akatoa utunzi mkubwa wa fidla na okestra ambao mabingwa wa dunia bado wanautolea jasho. Mtoto anayesoma chini ya jina la mtu huyo mchana, akasikiliza Metallica usiku, haoni ukuta kati ya vitu hivyo viwili. Ukuta uko kwenye vichwa vya wasiogusa chochote kati ya viwili hivyo.

Sasa nifike nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Naandika riwaya. Mwaka juzi nilimpelekea mhariri mmoja, jina lake na la nyumba yake nayahifadhi, sura tatu za mwanzo. Mhusika wangu ni binti wa Temeke aliyefundishwa fidla na babu yake, mpiga taarabu wa zamani, kisha binti huyo akaingia bendi ya metali. Sura zikarudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Mhusika huyu si Mwafrika." Basi. Hakusema Kiswahili changu kibovu, hakusema kisa hakiendi. Fidla ndiyo iliyomvua binti yule Uafrika wake.

Mheshimiwa, kama unasoma kurasa hizi, nakuuliza kwa adabu zote. Taarabu ya Unguja hujawahi kuisikia? Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na fidla inasikika kwenye santuri zake, bega kwa bega na udi. Okestra za taarabu zilizofuata mtindo wa Misri zilikuwa na safu ya fidla, na kazi ya fidla hizo haikuwa kupamba. Mwimbaji akimaliza mshororo, fidla zinamjibu. Akilalamika, zinalalamika naye. Akinyamaza, zinaendeleza alichoshindwa kukisema. Ondoa fidla kwenye taarabu asilia utabaki na mtu anayeuliza maswali peke yake chumbani. Yaani kile ninachowadai Wazungu wa metali ya simfoni, mabibi na mabwana wa Unguja walikifanya kabla gitaa la metali halijazaliwa! Binti yangu wa Temeke hakuiga Helsinki. Alibeba kitu cha babu yake akakipeleka mahali ambapo babu hakufika.

Tena sisi nasi tumeingia mtego uleule. Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipopamba moto na mipasho yake, safu ya fidla iliondoka jukwaani na kinanda cha umeme kikaketi kwenye kiti chake. Sababu ni ileile, gharama, maana mtu mmoja na kinanda ni nauli ya mtu mmoja, na safu ya fidla ni basi dogo. Siwalaumu waliotafuta riziki, na taarabu ya kisasa nacheza nami harusini. Ila nasema kilichokufa pale ni jibu. Kinanda kinajaza, hakijibu. Unguja walianzisha chuo cha muziki cha nchi za majahazi mwaka 2002, wakafundisha fidla, udi na ganuni kwa vijana, na mwaka 2019 chuo hicho kilikuwa kinatangaza kwamba fedha zinakaribia kukatika. Linganisha na Finland uone nani anapenda fidla kwa maneno na nani kwa bajeti.

Mtauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaoandika? Yanatuhusu sana. Fungua hadithi zetu, za hapa hapa kwenye kurasa hizi. Mwezi unang'aa, upepo unavuma mwanana, mitende inayumba, mhusika ana macho kama gololi. Ukiondoa mwezi, ukaondoa mitende, kisa kimesimama vilevile. Tumebonyeza kinanda. Tumeweka misamiati mizito ya kamusi nyuma ya sentensi kama zile fidla 30 zinazoshika noti ambayo gitaa limeshaishika, halafu tunajiita wasanifu wa lugha. Kipimo ni kilekile. Kama mwezi haufanyi kazi, usiuchomoze. Kama unaufanyia kazi, basi nyamazisha vitu vingine msomaji auone.

Binti wangu wa Temeke simtoi fidla. Sura ya nne nimeiandika tayari. Bendi inafanya mazoezi kwenye banda la kuku, umeme unakatika, magitaa yanakufa yote kwa mpigo mmoja. Fidla haitaki umeme. Inaendelea. Wenzake wanasimama gizani, hawajui waweke wapi mikono, na kwa mara ya kwanza wanasikia nini hasa kilikuwa kinapigwa nyuma yao muda wote.

Mwenye kupinga na apinge, awe mwanametali, mhariri au mpiga kinanda. Lakini asinijie na masimango ya kijiweni. Aandike, ataje wimbo, ataje mwaka, aondoe fidla kichwani aniambie kilichobaki. Mhariri wa gazeti hili ni mtu wa haki, nafasi atampa.